Maswali ya Wasomaji: Msambuku, Nyota za Miti na Dawa ya Mafua

SWALI: Ndugu Mhariri, nilizaliwa tarehe 10 Desemba, na siku zote nimehesabiwa kuwa wa nyota ya Mshale. Hivi karibuni nimesoma kwamba katika unajimu wa Wakelti wa kale nyota yangu ni mti, ule ambao Waingereza huuita elder, na kwamba waliozaliwa chini yake hupenda uhuru na hawatulii mahali pamoja. Je, ni kweli kwamba Wakelti walisoma nyota za watu kwa miti?

JIBU: Ndugu msomaji, Wakelti, yaani makabila ya kale yaliyoenea Ulaya magharibi, kuanzia Ufaransa hadi Ireland na Scotland, waliujua mti huo vizuri, na masimulizi yao juu yake ni mengi, lakini kalenda iliyokupangia nyota hiyo ilitungwa katika karne ya 20. Mti wenyewe nitauita msambuku, kwa kufuata jina lake la kitaalamu, Sambucus nigra. Ni mti mfupi wa Ulaya, aghalabu usiozidi mita 10, ambao mwanzoni mwa kiangazi hutoa vichala bapa vya maua meupe yenye harufu nzito, kisha matunda madogo meusi yanayoiva kiangazi kinapokwisha.

Aliyeupa mti huu mwezi wake katika kalenda hiyo ni mshairi wa Uingereza, Robert Graves, katika kitabu chake The White Goddess kilichotoka mwaka 1948. Alizichukua konsonanti za Ogham, yaani maandishi ya mikato ambayo watu wa Ireland ya kale waliyachonga kwenye kingo za mawe, akazigeuza kuwa miezi 13 yenye siku 28 kila mmoja, na msambuku ukaangukia mwezi wa mwisho, kuanzia tarehe 25 Novemba hadi tarehe 22 Desemba. Maelezo ya tabia za watu yaliongezwa baadaye na waandishi wa unajimu, kwa mtindo ule ule wa kurasa za nyota tunazozifahamu sote.

Ushahidi wa kale hauelekei huko. Mawe ya Ogham yaliyosalia, mengi yakiwa ya karne ya 4 hadi ya 6, huandikwa zaidi majina ya watu na ya baba au koo zao. Ni kweli kwamba hati za Ireland za zama za kati, kama Kitabu cha Ballymote kilichoandikwa karibu na mwaka 1390, huzipa herufi majina ya miti, na herufi ya R, iitwayo Ruis, hufasiriwa kuwa msambuku. Tena mafumbo yaliyoambatana nayo hutaja haya inayotia wekundu usoni na moto wa hasira. Hayo ni mafundisho ya washairi na wanafunzi wao kuhusu herufi. Hayapangi miezi, wala hayatabiri maisha ya mtu.

Isitoshe, kalenda halisi ya Wakelti ipo. Mwaka 1897, huko Coligny mashariki mwa Ufaransa, vilifukuliwa vipande vya bamba la shaba nyeusi la zama za utawala wa Kirumi, na juu yake imechongwa kalenda ya miaka 5 yenye miezi 62. Miezi hiyo ina siku 29 au 30 kwa kufuata mwezi mwandamo, miwili kati yake iliongezwa ili hesabu isiachane na jua, na majina yake, kama Samonios na Rivros, si majina ya herufi za Ogham. Binafsi naona bamba hilo linastaajabisha kuliko nyota yoyote ya mti, kwa kuwa linatuonyesha watu waliolichungulia anga kwa uvumilivu mkubwa na kuandika walichokiona.

SWALI: Nimesikia kwamba ni mwiko kuukata mti huu kabla ya kumwomba ruhusa bibi anayeishi ndani yake. Imani hiyo ni ya Wakelti? Na kwa nini mti mmoja uogopwe na kupendwa kwa pamoja?

JIBU: Bibi huyo ni wa Denmark, ambako huitwa Hyldemoer, na Hans Christian Andersen, mwandishi wa hadithi wa huko, alimtungia hadithi katika miaka ya 1840; desturi ya kumwomba ruhusa ilikuwepo pia katika baadhi ya vijiji vya mashariki mwa Uingereza. Masimulizi kwamba Yuda Iskariote alijinyonga kwenye msambuku nayo si ya Wakelti, bali ni ya Wakristo wa Ulaya ya zama za kati, na ndiyo yaliyoupa uyoga unaoota kwenye mti huo jina la sikio la Yuda. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi vya siku hizi huyachanganya yote na kuyapa chapa moja ya Kikelti, na kwa kufanya hivyo huwanyima Wakelti wenyewe sauti yao.

Ukitaka kuisikia sauti hiyo, anzia Kisiwa cha Man, kilichoko kati ya Ireland na Uingereza. Huko mti huu huitwa tramman, na ulipandwa karibu na mlango wa nyumba ili kuzuia uchawi, huku ikiaminika kwamba wale viumbe wadogo wasioonekana, ambao wenyeji waliepuka kuwataja kwa jina lao halisi, walifanya makao katika matawi yake. Hata leo magofu mengi ya nyumba za wakulima kisiwani humo yana msambuku ulioota kando yake. Katika nyanda za juu za Scotland nako ulihesabiwa kuwa mlinzi wa nyumba. Nchini Ireland hofu ilizidi: haikufaa kutengeneza susu ya mtoto kwa mbao zake, na mtoto au mnyama aliyechapwa kwa fimbo yake aliaminiwa kuwa angedumaa. Pamoja na hayo, watu hao hao waliusugua kwenye sugu na chunjua ili ziondoke, na kuyatumia matawi yake kufukuzia nzi.

Sababu ya mchanganyiko huo, kwa maoni yangu, iko katika namna mti wenyewe unavyoishi. Msambuku hupenda udongo wenye rutuba ya samadi na majalala, kwa hiyo huota wenyewe karibu na nyumba na mazizi, na watu wanapohama hubaki pale pale. Hukatwa ukachipuka upya upesi. Matawi yake yana moyo laini mweupe unaotoboka kwa urahisi, hivyo watoto walichonga filimbi na wazee wakapata mirija ya kupulizia moto. Lakini majani yake yakifikichwa hutoa harufu mbaya, na baadhi ya sehemu zake humdhuru anayezila. Watu walioishi nao mlangoni vizazi kwa vizazi walikuwa na kila sababu ya kuushukuru na kuuogopa.

SWALI: Katika unajimu wa sayari, msambuku uko chini ya sayari gani?

JIBU: Zuhura. Ndivyo alivyoandika Nicholas Culpeper, tabibu wa London, katika kitabu chake cha mitishamba cha mwaka 1652, ambamo kila mmea hupewa sayari yake. Huo haukuwa unajimu wa Kikelti, bali elimu iliyoenea Ulaya nzima kutoka kwa Wayunani na Waarabu. Ninamheshimu Culpeper kwa jambo lingine: aliandika kwa Kiingereza badala ya Kilatini ili maskini wajitibu kwa mimea iliyowazunguka, na mabwana wakubwa wa utabibu wakamchukia kwa ajili hiyo.

SWALI: Rafiki amenipa maua makavu, matunda makavu na majani ya mti huu, akisema vyote huponya mafua. Je, nivichemshe pamoja?

JIBU: Hapana, tafadhali usivichemshe pamoja. Majani, magome, mizizi, mbegu na matunda mabichi vina sambunigrini, kemikali inayoweza kuzalisha sumu ya sianidi mwilini. Mwaka 1983, huko California nchini Marekani, watu 11 waliugua baada ya kunywa maji ya matunda ya msambuku wa huko, yaliyokamuliwa mabichi pamoja na majani na matawi. 8 kati yao walipelekwa hospitali kwa helikopta, wakitapika na kuishiwa nguvu, ingawa wote walipona. Moto huipunguza sana sumu hiyo katika matunda yaliyoiva, na ndiyo maana shira ya matunda hayo hupikwa.

Kuhusu kuponya, utafiti haujakubaliana. Jaribio lililofanyika Norwei na kuchapishwa mwaka 2004, likiwa na wagonjwa 60 wa homa ya mafua, lilionyesha kwamba waliokunywa shira walipata nafuu siku 4 mapema kwa wastani; jaribio la Marekani la mwaka 2020, lenye wagonjwa 87, halikuona faida yoyote. Makundi yote mawili ni madogo. Mimi nisingemshauri mtu aiache dawa aliyoandikiwa na daktari kwa kuitegemea shira hii.

Maua ndiyo yenye historia ndefu na tulivu zaidi. Shirika la Dawa la Ulaya linayakubali kwa dalili za mwanzo za mafua, kwa watu wazima na vijana waliotimiza miaka 12, kwa msingi wa matumizi yake ya muda mrefu na si kwa majaribio ya hospitali. Kipimo chake ni gramu 2 hadi 5 katika mililita 150 za maji yaliyochemka, mara 3 kwa siku. Matunda makavu, ikiwa una hakika yalichumwa yakiwa yameiva, yachemshe kikamilifu, kisha uchuje na kutupa mbegu. Mjamzito, anayenyonyesha na anayetumia dawa za kushusha kinga ya mwili amwone daktari kwanza. Homa ikipanda, pumzi ikibana au dalili zikizidi wiki moja, nenda hospitali. Majani yatupe yote, mahali ambapo mifugo haitayafikia.