Kwanza tuambiwe fedha zikoje

Swali la wiki hii linauliza kiongozi wa shirika lisilo la kiserikali afanye nini ili wafanyakazi wake washirikiane na kuifurahia kazi. Nimefanya kazi za miradi hapa Arusha tangu nikiwa mwingiza takwimu, na kwangu swali ni hili: habari za fedha anaambiwa nani, na anaambiwa lini? Ofisi nilizopitia Njiro na Sakina zote zilijiita familia moja. Lakini mkataba wa mfadhili ulikaa kabatini kwa mkurugenzi, na ufunguo alikuwa nao yeye.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90, na wiki hiyo hiyo maagizo ya kusimamisha kazi yakaanza kutoka. Mradi wetu wa wasichana wa sekondari kule Longido ulitegemea fedha hizo. Ofisini hatukuambiwa kitu. Habari ilikuja na dereva wetu. Alikuwa anajaza dizeli, dereva wa shirika jingine akamwambia, "Kaka, sisi tumeambiwa tuegeshe magari, ninyi bado mnatembea?" Akarudi, akaingia na funguo mkononi, akamuuliza dada wa mapokezi kama ni kweli. Dada akaniuliza mimi. Nikamuuliza mratibu, naye akatazama mlango wa mkurugenzi. Ulikuwa umefungwa.

Siku zilizofuata zilituumiza kuliko kukosa fedha kwenyewe. Afisa mmoja akaanza kufungia fomu zake za malipo kwenye droo. Chai ya saa nne, ambayo tulizoea kunywa pamoja, kila mtu akawa anachukua kikombe na kurudi nacho mezani kwake. Likazuka neno kwamba majina ya watakaopunguzwa yameshaandikwa, na wanaosali na bosi watabaki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu awape taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao kabla. Kwetu hakuna aliyefungua mdomo.

Aliyetuokoa ni mhasibu, mama mtu mzima asiye na maneno mengi. Asubuhi moja alichapa bajeti kwenye karatasi moja, akaiweka kando ya chupa ya chai, akasema, "Wanangu, zilizobaki ni hizi. Mishahara kwa jumla hii, pango hili, mafuta haya. Someni." Tukasoma. Mlinzi naye akaitwa kutoka getini, akaelezwa mstari kwa mstari. Mratibu akasema safari za Longido zipunguzwe, tuwapigie walimu simu. Mwingine akasema sisi maafisa tukatwe mshahara ili dereva na mhudumu wafike mwisho wa Machi. Tukakubaliana chai ikiwa bado ya moto. Mkurugenzi alitukuta pale pale. Alikasirika, tena sana, halafu akavuta kiti akaanza kujibu maswali.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba semina za kujenga timu, zile za hotelini za kurushiana mpira na kupiga picha na fulana mpya, ni kuharibu fedha. Nyingi bado naziona hivyo. Lakini najiuliza kwa nini karatasi ile haikutugombanisha, maana hesabu zikiwekwa wazi zinaweza pia kuvunja ofisi. Nakumbuka mwaka uliotangulia tulikwenda Ziwa Duluti kutwa nzima, bila mwezeshaji wala ratiba. Dereva na mkurugenzi waligeuza nyama kwenye jiko moja. Ndiko nilikojua kwamba mhudumu wetu analea wajukuu peke yake. Yule aliyetaka tukatwe mshahara alikuwa amekaa naye siku ile, wakila sahani moja. Kwa hiyo siwezi kusema fedha za Duluti zilipotea.

Basi jibu langu, tofauti na nilivyodhani: viongozi, wapelekeni watu wenu Duluti. Sisemi karatasi ya mezani itafaa shirika lenye watu mia mbili, na ipo mikataba ambayo mfadhili haruhusu kila kipengele kionyeshwe. Lakini siku hiyo mhasibu apewe nafasi ya kueleza hali ya fedha kabla ya chakula, na madereva wasiachwe kwenye magari.