Maumivu ya wanawake na mafuta ya bangi: majibu kwa wasomaji

Kila mwezi naumwa tumbo hadi natapika. Mama anasema ni chango, nikizaa yataisha. Ultrasaundi imetoka safi. Je, nadeka? (Mbagala)

Hudeki, mwanangu. Hedhi inayokulaza chini na kukukosesha kazi ni ya kuchunguzwa. Huenda ni endometriosisi: tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa anayo. Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, aliteseka miaka mingi kabla ya kuambiwa anaumwa nini. Ultrasaundi safi haimalizi maneno, maana vidonda vidogo mara nyingi havionekani. Nenda kwa daktari bingwa wa wanawake ukiwa umeandika siku unazoumwa, pedi unazotumia, na kama haja kubwa inauma. Kuzaa si tiba. Wapo wenye watoto wanne na bado wanagaagaa sakafuni.

Bangi inatibu kweli endometriosisi? (Kisauni)

Haitibu. Baadhi ya wagonjwa huwapunguzia maumivu na kuwapa usingizi, ila ushahidi bado ni haba. Mwenye mimba asiiguse. Na msokoto wa mtaani hauna kipimo, achilia mbali polisi.

Nipo London, daktari bingwa ameniandikia mafuta ya bangi. Desemba nina harusi Tanga. Mume anasema nibebe tu, cheti ninacho. Na wifi ameshaanza kuniita mvuta bangi.

Usibebe! Uingereza iliruhusu madaktari bingwa kuwaandikia wagonjwa dawa za bangi tangu Novemba 2018, lakini Tanzania ina sheria ya dawa za kulevya ya 2015, na cheti cha London hakitakuokoa uwanja wa ndege. Muone daktari wako mapema akupangie dawa mbadala za safari.

Kuhusu wifi: mofini, dawa kali ya maumivu wanayopewa wagonjwa wa saratani pale hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, asili yake ni afyuni, na hakuna anayewaita wala unga. Muulize tofauti iko wapi. Akinyamaza, mwache anyamaze.

Mke wangu anakwepa tendo la ndoa, anadai anaumia. Ni kisingizio? (Morogoro)

Shemeji, maumivu ya ndani wakati wa tendo ni dalili mojawapo ya ugonjwa niliouelezea hapo juu. Msindikize hospitali, na akiridhia ingia naye kwa daktari.