Mshahara Umepungua, Deni Lilipweje?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Bukavu. Nilipatana na koperative ya akiba kulipa mkopo wangu kwa dola 60 kila mwezi, lakini shule imepunguza mshahara wangu. Je, nipunguze malipo mwenyewe?

Jibu: Pole sana, mwalimu. Usipunguze peke yako, kwa maana kifungu cha 33 cha sheria yetu ya mikataba, ya mwaka 1888, kinasema kwamba mapatano halali ni sheria kwa walioyafanya, wala hayavunjwi ila kwa ridhaa yao wote au kwa sababu zinazoruhusiwa na sheria. Nenda kabla ya tarehe ya malipo, ukiwa na karatasi ya mshahara, uombe muda urefushwe, ingawa jumla ya riba itaongezeka. Usitoke na ahadi ya mdomo. Mapatano mapya yaandikwe, yatiwe sahihi, nawe ubaki na nakala.