Kabla hujasaini shawa: kwa vijana mnaosimamia cheti cha jengo la kijani

Wiki iliyopita nilipita saiti moja upande wa Naalya, hapa Kampala, kumsalimia kijana wetu ambaye huu ndio mwaka wake wa kwanza kazini. Akanifungulia kwa fahari modeli ya EDGE, yaani hesabu ya kompyuta ya cheti cha majengo yanayobana matumizi. Asilimia anazookoa kuliko jengo la kawaida: nishati 34, maji 27, vifaa vya ujenzi 41. Nikamuuliza, "Picha za insulesheni ya paa, lile tabaka la kuzuia joto, ziko wapi?" Akatazama juu. Dari ilikuwa imeshafungwa na fundi rangi yuko koti la pili. Nikatoka getini, nikanunua rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, nikaila nimesimama. Haya ndiyo niliyoyafikiria nikitafuna.

1. Cheti cha awali kinasifu michoro. Cha mwisho hakitoki mpaka mkaguzi aone kilichojengwa. Mwambie mwenye mradi mapema, kabla hajapeleka kile cha kwanza kwa mchora mabango.

2. Madirisha. Tunaishi karibu na Ikweta, kwa hiyo ukuta wa mashariki na wa magharibi ndio unaochomwa. Punguzeni vioo huko kabla ya kutaja vioo vya bei kali. Msanifu akibisha, mpeleke saa kumi jioni akakae kwenye ofisi yoyote mjini inayotazama magharibi, feni imezimwa.

3. Kifaa kikibadilishwa, rudi kwenye modeli siku hiyohiyo. Hapa mnivumilie.

Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia cheti cha hosteli ya wanafunzi Kikoni, vyumba tisini, kila kimoja na bafu lake. Kwenye modeli tulikuwa na shawa za lita 6 kwa dakika, na maji yakatupa asilimia 24. EDGE inataka 20 kwenye nishati, 20 kwenye maji na 20 kwenye vifaa. Ziada ya huku haizibi pengo la kule. Hilo nilikuwa nikiwafundisha wengine, tena kwa sauti.

Wakati wa finishi pesa zikabana. Mnunuzi wa mwenye mradi akapata dili Kikuubo, kwenye maduka ya jumla mjini: shawa zinang'aa, nusu bei. Akaniletea karatasi ya kubadilisha kifaa. Siku hiyo tailsi zinashushwa, lori limeziba njia, jirani anafoka, simu iko sikioni na rolex mkononi. Nikaitazama ile picha, nikajiambia shawa ni shawa, nikasaini juu ya boneti ya pikapu. Karatasi ya vipimo haikuwepo, na sikuiulizia.

Lakini si hapo panaponiuma. Fundi bomba wetu alikuwa mzee mmoja wa Tororo. Alipofunga ile ya kwanza na kuijaribu aliniita. "Boss, hii kitu inatupa maji mingi sana." Nikacheka. "Si ndiyo vizuri, mzee? Wanafunzi watakushukuru." Akanitazama kidogo, akaendelea kufunga. Alikuwa ameshapima kwa macho kile nilichokuwa nimekiandika kwa namba nikakisahau. Habari za cheti hakuwa nazo. Hakuna aliyemwambia, na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Miezi minne baadaye mkaguzi akaja na ndoo na simu ya kuhesabia sekunde. Bafu la kwanza, lita 11. La pili, 11 na kitu. Nikaanza kusingizia presha ya tangi. Akapanda ghorofa ya juu kabisa, ambako presha ni ndogo: 10. Usiku tukaziingiza kwenye modeli, maji yakaanguka hadi 13. Nishati ilikuwa 31, na haikunisaidia kitu.

Kisha nikafanya jambo la aibu. Nikampigia mnunuzi nikamfokea kana kwamba sahihi ile ni ya mtu mwingine. Hakujibu. Alinitumia picha ya karatasi tu: jina langu, tarehe, na doa la mafuta ya rolex.

Tulinunua vile vibana mtiririko vidogo vinavyoingia shingoni mwa shawa, tisini, kwa pesa iliyokatwa kwenye ada yetu. Wanafunzi walikuwa wameshahamia. Jumamosi mbili nilibisha hodi mlango kwa mlango nikiwa nimembebea mzee sanduku la spana. Hakunikumbusha hata mara moja. Afadhali angenikumbusha.

4. Piga picha kabla ya kufunika: insulesheni, mabomba ya maji moto, matofali kabla ya plasta. Zibandike tarehe na jina la chumba. Na mwenye mradi akileta matofali ya kuchoma ya shemeji yake ilhali mlihesabu ya udongo yaliyoshindiliwa kwa simenti, jua kwamba ni zile shawa zangu zimevaa sura nyingine.

5. Utaambiwa umeme wetu unatoka Jinja na Karuma, ni wa maji, kwa nini tubane? Acha hotuba ya tabianchi. Mwonyeshe bili.

6. Mnaofanya LEED, cheti kingine cha majengo ya kijani kinachohesabu pointi: masharti ya lazima hayana pointi, ndiyo maana mnayasahau. Likikosekana moja, hata pointi 80 za Platinamu hazikuokoi. Kinga ya mmomonyoko inaanza siku ya kwanza ya kuchimba. Msingoje mvua za Machi zimwage udongo mwekundu barabarani.

Na wewe wa Naalya, usifumue dari yote. Fungua taa nne tano za dari, ingiza simu kwenye tundu pamoja na rula ili unene uonekane, kisha chukua delivari noti kwa stokipa, ile inayosomeka. Mwulize mkaguzi sasa hivi kama atazikubali, usingoje siku ya ukaguzi. Ndoo yangu ya lita 10 iko kwenye buti. Ipitie Jumatatu, maana kuhusu shawa zako bado sijakuuliza.