Maswali na majibu: kutengenezesha kwa oda, au mzigo kulala stoo?

Maswali ya kutengenezesha bidhaa kwa oda yamejaa. Nimeyaacha yote ya "naomba namba ya fundi mwaminifu". Sina fundi wa kugawa.

Nataka stendi za chuma za kupangia bidhaa dukani. Bei gani? (Ngaramtoni)

Za urefu gani, chuma cha unene gani, ngapi, na zipakwe rangi au zibaki hivyo? Bila vipimo hakuna bei.

Shikamoo. Nina duka la zawadi za watalii mjini Arusha. Kila Mei naagiza fulana 500 zilizochapwa, maana moja inashuka hadi shilingi 9,000. Sasa kuna kijana Sakina ana mashine, anachapa hata kumi, ila moja ni 12,000. Naona ananipiga.

Marahaba. Hakupigi. Wewe unatazama bei ya fulana moja, mimi natazama zile zinazobaki.

Fulana 500 kwa 9,000 ni milioni nne na nusu, na zimetoka mfukoni mwako Mei, masika hayajaisha na wageni wa Juni hawajashuka uwanja wa ndege wa KIA. Ukiziuza zote, umeshinda. Ukiuza 320, kila uliyouza imekugharimu zaidi ya 14,000, na zilizobaki ni S na XXL kwa sababu M na L ndizo huondoka kwanza. Kwa kijana wa Sakina hizo 320 zingekugharimu 3,840,000, tena kwa mafungu, fungu la pili ukililipia kwa mauzo ya la kwanza. Mpaka wako ni fulana 375, maana 375 kwa 12,000 ni milioni nne na nusu ileile. Kama kila msimu unauvuka, endelea na mzigo mkubwa, sitakubishia. Lakini fungua daftari la mwaka jana, usiniambie "naona zinatoka".

Ningekuwa wewe ningenunua kwa jumla fulana tupu, nyeusi na za kaki, M na L, halafu nichapishe kwa oda kadiri zinavyoisha. Fulana tupu ikibaki bado ni fulana. Iliyoandikwa mwaka haina mnunuzi mwaka ukigeuka; waulize wanaochapa fulana za mbio za Moshi, mbio zikipita zinaishia kuwa madekio.

Hili hujaniuliza: Arusha tuna ugonjwa wa kuheshimu stoo iliyojaa. Mtu anakuonyesha maboksi hadi darini kwa fahari, kumbe ni mkopo wa benki uliopangwa vizuri. Mwaka 2020 watalii walipokatika, maboksi hayo hayakulipa kodi ya pango ya mtu yeyote.

Nina mashine ya kuchapa. Naweza kupokea oda za jezi za Simba na Yanga? (Majengo, Moshi)

Bila idhini ya klabu, hapana. Watu wa Tume ya Ushindani wakija dukani hawaulizi kama zilikuwa za oda.

Gia ya mashine yetu ya kumenyea kahawa imekatika meno mawili. Muuzaji anasema spea itoke nje, wiki sita. Kijana mmoja anasema printa ya 3D, ile inayounda vitu vya plastiki, itaitoa kwa siku moja. Kweli? (Katibu wa kikundi, Kibosho)

Kuitoa kwa siku moja ni kweli. Kufanya kazi ni habari nyingine. PLA, plastiki inayotumiwa sana kwenye printa hizo, huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Iacheni kwenye dashibodi ya gari lililofungwa juani Moshi mjini, mtaona.

Printa itumieni kwa jaribio. Toeni gia ya plastiki, ipachikeni, zungusheni kwa mkono muone meno yanavyokaa. Ikikubali, ndipo mchonge ya chuma. Chuma kikishakatwa vibaya hakirudi.

Kazi ya chuma ipelekeni kwa wachongaji wa spea, ambao Moshi na Arusha wapo. Anzieni SIDO, shirika la viwanda vidogo, maana lipo tangu 1973 kwa shughuli hizihizi. Kazi ikiwa nzito, ulizeni KMTC, kiwanda cha mashine kule Machame, au TEMDO, taasisi ya kusanifu mitambo hapa Arusha. Msibebe gia iliyovunjika peke yake, kama wengi wanavyofanya. Bebeni na ile inayosagana nayo, na shafti, kwa sababu gia mpya ikikutana na meno yaliyolika huliwa nayo. Semeni pia kwa nini ilikatika. Kama beringi imelegea, hata gia ya dhahabu itakatika.

Kisha lipieni mchoro na muondoke nao. Hapo ndipo penye faida ya mchezo huu wote: ukiwa na mchoro, huhitaji kuweka gia tano stoo wala kusubiri meli Dar es Salaam, mwakani unaagiza moja kwa simu. Mafundi wengi hupenda vipimo vibaki kichwani mwao, ili mkirudi mkute bei mpya.

Na msingoje msimu. Kahawa mbivu inatakiwa kumenywa siku ileile iliyochumwa.

Nataka kiwanda kinikorogee sabuni ya maji, niweke lebo yangu. Nianze na chupa 50. TBS, hao wa shirika la viwango, wa nini kwa chupa 50?

Kwa sababu mikono ya mteja ikichubuka atatafuta jina lililo kwenye lebo, nalo ni lako. Waone SIDO wakuelekeze njia ya kwenda TBS. Chupa 50 ni mwanzo mzuri. Kinachonitisha ni lebo, maana najua utachapisha 5,000 "kwa vile ni bei rahisi", halafu ubadilishe namba ya simu. Jina lisajili BRELA, kwa wasajili wa biashara, kabla hujampa mkorogaji.

Fundi alikula malipo ya awali, mwezi mzima ananizungusha. (Njiro, Unga Limited, Pasua, na wengine)

Mliandikiana? Hapana. Ulidai risiti? Hapana. Uliona sampuli? Hapana. Safari ijayo toa thuluthi ya bei kwa ajili ya malighafi, thuluthi ukiishika sampuli mkononi, iliyobaki mzigo ukishahesabiwa. Akikataa masharti hayo, mwache.

Shule yetu inataka sweta za sare kwa oda kabla ya kufungua Januari. Inawezekana? (Moshi)

Mkipeleka vipimo Oktoba, ndiyo. Asiye na stoo ana foleni, na Desemba mafundi wenyewe wanapanda vijijini kula Krismasi. Ongezeni chache za akiba za saizi ya darasa la kwanza, maana wapo wazazi wanaoleta watoto wiki ya pili.