Aliyekuokoa Ameziacha Nyavu Zake

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tabata aliniandikia kwamba yeye na wenzake watano wamekodi boti ya faiba, bila nahodha, ili Julai hii wakizunguke kisiwa cha Mbudya kwa upande wa nje, ule unaotazama bahari kuu. Aliniuliza kama kuna haja ya kununua majaketi ya kuokolea kwa safari ya siku moja, kisha akamalizia kwa maneno yaliyoninyima usingizi: "Hata likitokea la kutokea, waokoaji wapo, na kodi tunalipa." Yalininyima usingizi kwa sababu mwaka 2019 niliyasema mimi mwenyewe.

Wakati ule nilikuwa nimenunua boti iliyotumika, yenye mashine ya nguvu za farasi 15, na mtu akishanunua chombo hawezi kukiacha kilale mchangani. Ilikuwa Jumapili ya Julai, upepo wa kusi umekaza. Pale Kunduchi Pwani tulimwamkia mzee aliyekuwa akishona jarife lake, yaani wavu wake mkubwa wa kuvulia, akaitika, akatutazama, akasema, "Wanangu, bakini upande wa ndani wa kisiwa. Nje leo si kwenu." Tukacheka kwa adabu, tukaenda nje.

Mambo ya samaki wa kuchoma na picha nayaacha. Saa nane mchana mashine ilikohoa mara mbili ikazima, kwa kuwa petroli ilikuwa imeingia maji. Tulitupa nanga, kamba ikaniisha yote mkononi, na nanga ikabaki inaning'inia bila kugusa kitu. Ncha ile ya kamba, yenye fundo la harakaharaka, naiona hadi leo, maana ndipo nilipotambua kwamba sikuwahi kuipima. Upepo ukishirikiana na mkondo, ambao kwa majira hayo hukimbilia kaskazini kwa nguvu, ukatusukuma kuelekea fungu la mchanga la Fungu Yasini, huku wawili wakifua maji kwa kopo la juisi na mmoja akitapika. Simu yenye chaji ilikuwa moja tu. Nikampigia shemeji yangu wa Kunduchi, naye akakimbilia ufukweni kutafuta chombo.

Aliyetufikia, saa kumi na moja ikikaribia, ni mzee yuleyule na kijana wake. Walikuwa wamekwisha kutega walipopigiwa simu. Hakututukana. Alirusha kamba, akauliza, "Mko wangapi?", akatuhesabu kwa kidole mmoja mmoja, akarudia kuhesabu, na ndipo alipogeuka kutazama kule alikoyaacha maboya ya jarife lake. Asubuhi yake alilikuta kwenye miamba, nusu yake matambara.

Jioni ile nilimpa shilingi 50,000, nikajiona mkarimu. Ni shemeji aliyenikalisha chini akanipigia hesabu: walikuwa wamechoma lita 20 za petroli, ambazo kwa bei ya takriban shilingi 2,200 kwa lita zilifika 44,000, kwa hiyo 6,000 zilizobaki ndizo ujira wa watu wawili, na fidia ya jarife, na shukrani ya roho sita. Niliwaomba wenzangu tuchange. Wawili walichanga. Mmoja, ambaye hunisalimia mpaka leo kana kwamba hakuna kilichotokea, alisema kuokoa ni wajibu wao na thawabu wamekwisha kuipata. Jarife nililimaliza kulilipa kwa miezi mitatu, na sitaficha kwamba najivunia, ingawa kidonda cha wale waliokaa kimya hakijafunga.

Kuhusu wajibu, rafiki yule hakukosea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unazitaka nchi ziwalazimishe manahodha kumsaidia yeyote aliye hatarini baharini, na mkataba wa uokoaji wa mwaka 1989 unasema aliyeokolewa roho yake hadaiwi malipo. Januari 1997, baharia Mwingereza Tony Bullimore alipopindukiwa na mashua yake katika mashindano ya kuizunguka dunia peke yake, jeshi la wanamaji la Australia lilimfuata zaidi ya maili 1,000 kutoka pwani, likamtoa hai baada ya siku nne, na pamoja na mjadala mkubwa kuhusu gharama hakupelekewa ankara. Hilo naliunga mkono, kwa sababu mtu anayehofia ankara atachelewa kuomba msaada. Lakini hakuna mkataba uliomshonea mzee jarife lake.

Wala sizungumzii abiria. Waliokuwa ndani ya MV Skagit, iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 ikitoka hapa Dar es Salaam kwenda Zanzibar, walikata tiketi na kuuamini ukaguzi. Mvuvi naye hutoka kwa sababu watoto wanasubiri kula. Nazungumza na sisi tunaokwenda kwa raha zetu, tunaonunua spika ya laki tatu kwa ajili ya kisiwani kisha tukasema jaketi ni ghali. Ndugu zangu, tuone haya. Waulizeni wavuvi, na mkishajibiwa, tiini. Pimeni kamba ya nanga. Jaketi livaliwe, lisikaliwe kama mto. Mwacheni mtu nchi kavu anayejua mtarudi saa ngapi na ampigie nani. Na kabla ya kushusha chombo, kila mmoja atoe fedha ya kumlipa atakayewafuata, petroli yake na siku yake, iwekwe kwa huyo wa nchi kavu. Mkirudi salama mtarudishiwa. Na tena nasema, waulizeni wavuvi.

Haya yote nilimwandikia kijana wa Tabata. Jana usiku alinijibu kwa swali moja tu: kamba iwe na urefu gani? Nimemwambia aende Kunduchi Pwani alfajiri akamwulize mzee, na asiende mikono mitupu.