Maswali yenu: seva inayosuasua wakati wa kuingiza data

Nina faili la CSV lenye mistari milioni nne. Programu yangu inaliingiza kwenye hifadhidata ya PostgreSQL kwa INSERT (amri ya kuongeza mistari), mstari mmoja mmoja, na inakesha. Niongeze RAM?

Usinunue kitu bado. INSERT inayosimama peke yake ni muamala kamili (kazi inayokamilika yote au isifanyike kabisa), na kila muamala husubiri diski ithibitishe kwamba imeandika. RAM haifupishi foleni hiyo. Tumia COPY, amri iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Faili likiwa kwenye kompyuta yako badala ya seva, andika `\copy` ndani ya psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL. Kama ni lazima ubaki na INSERT, fungua muamala mmoja kwa BEGIN, weka maelfu kadhaa ya mistari, ndipo uufunge kwa COMMIT.

COPY natumia tayari, lakini jedwali lina indeksi sita (orodha za kuharakisha utafutaji). Nizifute?

Jedwali likiwa tupu, zifute, uzijenge upya data ikishaingia. Kuijenga indeksi mara moja ni kazi nyepesi kuliko kuigusa kwa kila mstari. Kabla ya kujenga, pandisha `maintenance_work_mem`, kiasi cha RAM kinachotumika kwa kazi kama hii, ambayo huja na MB 64 tu. Ile RAM uliyotaka kununua, faida yake utaiona hapa:

`SET maintenance_work_mem = '1GB';`

Lakini jedwali likiwa na mistari milioni mia nawe unaongeza laki moja, ziache zilivyo. Na indeksi inayozuia marudio usiiguse huku watu wanaendelea kuuza; namba moja ya risiti itaingia mara mbili, kisha indeksi yenyewe itakataa kujengwa.

Ukimaliza, endesha ANALYZE, amri inayokusanya takwimu za jedwali ili PostgreSQL ichague njia nzuri ya kutafuta. Wengi huiruka, halafu wanalalamika kwamba ripoti zimekuwa nzito.

Kwenye MySQL, hifadhidata nyingine, nimeshauriwa kuzima foreign_key_checks, ukaguzi wa viungo kati ya majedwali. Ni salama?

Ni salama kama data imetoka kwenye hifadhidata iliyokuwa safi. Ukiiwasha tena, MySQL hairudi nyuma kukagua kilichoingia: oda isiyo na mteja itabaki humo kimya. Mimi ningeanza kwa kupandisha `innodb_buffer_pool_size`, RAM ambayo MySQL huitumia kushikilia data; MB 128 inazokuja nazo ni chache mno kwa kazi kubwa. Pia panga mistari kwa mfuatano wa ufunguo mkuu (safu inayotambulisha kila mstari).

Na `fsync = off` kwenye PostgreSQL, yaani kutosubiri kabisa diski ithibitishe?

Kwenye seva mpya ambayo ukiifuta yote unaanza upya bila hasara, sawa. Penye data ya watu, hapana: umeme ukikatika, hifadhidata nzima inaweza kuharibika. `synchronous_commit = off`, ambayo huacha COMMIT isisubiri diski, ina hatari ndogo zaidi, kwani utapoteza miamala ya mwisho tu.